Kufufua boti kuukuu ya alumini Moshi na Arusha: mwongozo kamili, tangu kuitambua hadi kuirudisha majini

Alumini haifi kwa uzee. Boti iliyoundwa miaka ya 1960, ikiwa ilikaa pakavu, inaweza kuwa na bati lenye unene ule ule iliotoka nao kiwandani. Kinachoiua ni jirani mbaya: magadi, shaba, chuma cha kutu, mbao zenye dawa, sponji iliyoloa maji. Kwa hiyo kabla hujaziba tundu lolote, jua limetobolewa na nini. Ukiweka kiraka na adui ukamwacha palepale, tundu jipya litatokea pembeni ya kiraka chako.

Mwongozo huu unahusu boti ndogo ya riveti, yaani ambayo mabati yake yameunganishwa kwa pini za alumini zilizogongwa pande zote mbili, urefu wa mita 3.5 hadi 5, ya injini ya kufungwa nyuma, ambayo mwenyewe anataka kuitumia Nyumba ya Mungu, Jipe, Duluti au maji mengine baridi ya huku kwetu.

Kuitambua

Anza na sumaku. Ikinasa kwenye bati, hiyo si alumini. Kwaruza sehemu iliyojificha kwa ncha ya kisu: alumini hung'aa mara moja kama fedha, na ilipoharibika hutoa unga mweupe, kamwe si kutu nyekundu. Ukiona wekundu, kuna chuma mahali fulani. Itakuwa bolti, msumari au kiraka cha bati la nyumba, na hapo ndipo pa kuchunguza zaidi.

Kisha tafuta namba. Boti za Marekani zilizoundwa kuanzia Novemba 1972 lazima ziwe na namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12. Hukaa upande wa nje wa tezi (ukuta wa nyuma wa boti), kulia ukiwa umeelekea omo (mbele), karibu na ukingo wa juu. Ikiwa imefunikwa na rangi, usiikwangue kwa grenda. Lainisha kwa msasa namba 400 wenye maji, kausha, kisha paka vumbi la chaki. Maandishi yaliyozama yatajitokeza.

Herufi tatu za mwanzo ni za kiwanda, tano zinazofuata ni namba ya boti yenyewe, na nne za mwisho ndizo zinazotaja umri. Zikiwa tarakimu tupu, mfano 0575, soma mwezi kisha mwaka: Mei 1975. Zikianza na M, mfano M79A, hiyo ni modeli ya 1979, na herufi ya mwisho ni mwezi ambao hesabu yake huanzia Agosti, kwa hiyo A ni Agosti ya 1978. Mitindo hiyo miwili iliishia katikati ya 1984. Kuanzia Agosti 1984 herufi ya mwezi hutangulia na A ni Januari: D585 maana yake ni Aprili 1985, modeli ya 1985. Boti za mtindo huu mpya zina namba ya pili iliyofichwa ndani ya boti. Namba mbili zisipolingana, usinunue mpaka muuzaji akueleze kwa nini, tena kwa karatasi.

Boti za Ulaya za kuanzia katikati ya 1998 zina herufi na tarakimu 14, na mbili za mwanzo ni za nchi. Boti ya kabla ya 1972 haina namba ya namna hii, ina kibao cha kiwanda tu, na mara nyingi kibao hicho kimeshang'olewa. Hapo pima mwenyewe: urefu kamili, upana katikati, upana na kimo cha tezi, idadi ya mataruma (mbavu za ndani), idadi ya vikalio, mistari ya riveti kila ubavu. Piga picha ukiwa ubavuni na nyuma, ulinganishe na katalogi za zamani za viwanda kama Starcraft, Alumacraft, Lund, Crestliner na Grumman vya Marekani, au Quintrex cha Australia. Grumman walikuwa waundaji wa ndege, na ustadi huo unaonekana kwenye mistari yao ya riveti iliyonyooka.

Boti ikikosa kibao cha uwezo, yaani kile kinachotaja watu na nguvu ya injini, tumia hesabu ya kanuni za Marekani. Zidisha urefu kwa upana wa tezi, vyote kwa futi. Jibu la 43 hadi 45 ni hospawa 10. 46 hadi 52 ni 15. Likizidi hapo, kwa boti ya kuendeshwa kwa mkono kwenye injini, zidisha kwa 0.8 kisha toa 25, halafu panda hadi tano iliyo karibu. Boti ya futi 14 yenye tezi ya futi 4 inatoa 56, na hesabu inafika 19.8, yaani hospawa 20. Yenye sakafu bapa na kona kali pembeni ni dhaifu zaidi: kwenye hesabu ndogo (52 au chini) shuka ngazi moja, na kwenye kubwa zidisha kwa 0.5 kisha toa 15. Kwa watu, zidisha urefu kwa upana wa juu, gawa kwa 15, na vipande vya mtu usivihesabu: futi 14 kwa 5 ni watu wanne.

Kuipima kabla hujalipa

Ulizia ilifanya kazi wapi. Ngozi nyembamba inayoikinga alumini hudumu vizuri kwenye maji yenye pH (kipimo cha ukali wa asidi au magadi) ya kama 4 hadi 8.5. Manyara, Eyasi, Natron na maziwa ya Momela ni maji ya magadi, yako juu ya hapo, na magadi huila ngozi hiyo pamoja na bati lililo chini yake. Boti ya maji hayo inaweza kuonekana safi, kumbe imekondeshwa eneo zima. Pima unene kwa kalipa ukingoni na kwenye tundu la kizibo, lile la kutolea maji. Boti nyingi za ukubwa huu zina bati la milimita 1.3 hadi 2. Ukikuta chini ya 1 kwenye sakafu, achana nayo hata kama bei ni ya kutupa.

Ng'oa sakafu ya mbao, au angalau inua pembe moja. Chini yake, penye tope, majani makavu na sponji iliyoloa, ndipo vishimo vya kutu nyeupe huanzia, kutoka ndani kwenda nje. Choma kila doa jeupe kwa ncha ya bisibisi kwa mkono mwepesi. Vishimo kumi au ishirini vinatibika. Vikitapakaa sakafu nzima utahitaji bati jipya, na gharama yake haina maana kwa boti ya mita nne.

Tezi ina ubao katikati, umefunikwa kwa alumini. Shika juu pale injini inapokaa, sukuma na kuvuta kwa uzito wako. Ikicheza, ubao umeoza. Gonga kwa mpini wa nyundo kuanzia juu kushuka: ubao mzima hulia kavu, uliooza hujibu kwa sauti ya mfu. Ubao si sababu ya kuiacha boti, kwani kuubadilisha ndiyo kazi ya kawaida kuliko zote, ila bei ishuke. Angalia pia nyufa kwenye kona mbili za juu za tezi, miguu ya vikalio, na pale mataruma yanapokutana na mkuku (uti wa chini wa boti).

Mwisho, jaribio la maji, nalo hufanyika kinyume na wengi wanavyodhani: maji yawekwe ndani, nawe ukague nje. Ilaze boti juu ya magogo yanayobeba mkuku wote, si ncha mbili tu, kwa sababu sentimita 10 za maji kwenye sakafu ya mita 3.5 kwa 1.1 ni zaidi ya kilo 380. Kausha nje kwa kitambaa, subiri dakika 20, kisha zungushia duara kila riveti inayotoa jasho. Tumia maka peni. Penseli ya kawaida ina grafiti, na grafiti ikigusana na alumini penye unyevu huanzisha kutu kwenye mstari uleule uliochora.

Kuvua na kusafisha

Ng'oa kila kitu: vikalio kama vimefungwa kwa bolti, sponji, nyaya, na viraka vya lami. Lami hutoka vizuri kwa kisu cha plastiki na mafuta ya taa baada ya boti kupigwa jua.

Kwa uchafu, sabuni ya maji na brashi ya nailoni inatosha. Kwa unga mweupe, changanya siki na maji nusu kwa nusu, acha dakika 10, sugua, suuza sana. Hapa wengi huumiza boti kwa nia njema: kostiki soda na magadi huila alumini, majivu hivyo hivyo, maji ya betri yasiguse kabisa, na dawa ya kusafishia choo ina asidi yenye klorini, ambayo huacha vishimo vinavyoendelea kuchimba baada ya wewe kwenda nyumbani. Brashi ya waya wa chuma huacha chembe ndani ya bati, na kila chembe huwa doa la kutu. Diski ya grenda iliyokwisha kukata chuma inafanya madhara yaleyale, kwa hiyo nunua mpya na uiweke kando kwa alumini pekee. Usiipeleke kwenye kupuliziwa mchanga, kwani bati la milimita 1.5 hubonyea na kujikunja kwa joto na vishindo.

Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi. Sugua ikiwa na maji, vaa barakoa, usifanyie uani wanapocheza watoto.

Riveti

Hii ndiyo roho ya boti, na ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, hasa kwa sababu fundi wa kwanza anayefikiriwa ni fundi wa madirisha ya alumini. Yeye ana riveti za kuvuta kwa bunduki, zenye tundu katikati. Zinafaa dirisha. Majini tundu lile ni bomba, na kipande cha chuma kinachobaki ndani yake hushika kutu. Riveti za lainingi za breki nazo ziache: nyingi ni za shaba au zina uwazi ndani.

Unachotaka ni riveti nzima, isiyo na tundu, ya alumini ya aina ya 5056. Huuzwa kama bidhaa ya ndege, na hutambulika kwa alama ya msalaba ulioinuka kichwani. Ile yenye kidoa kilichozama katikati ya kichwa ni 2117, imara sana kwa ndege, lakini ndani yake kuna shaba, hivyo majini haidumu. Ukipata fundi wa ndege ndogo pale Kisongo mwenye nafasi, mwajiri kwa ajili ya mkono wake, ila aina ya riveti uamue wewe.

Riveti iliyolegea lakini nzima haihitaji kutolewa. Inahitaji watu wawili. Mmoja yuko nje, ameshika patasi yenye kikombe kinachokaa sawa juu ya kichwa cha riveti. Mwingine yuko ndani, ameegemeza kipande cha chuma cha kama kilo 2, chenye uso laini, kwenye mkia wa riveti. Wa nje anapiga mara tatu au nne, mapigo mafupi ya nyundo ya gramu 500, na wa ndani anasikiliza: riveti iliyolegea hutoa mlio wa kugongana, na inapokaza mlio unakuwa mmoja, mfupi. Hapo simamisha. Ukiendelea, bati linalozunguka tundu linatanuka na riveti ya jirani inalegea. Mafundi wenye haraka huweza kutembeza uvujaji mstari mzima kwa njia hii.

Iliyokatika au kulika itolewe. Weka alama katikati ya kichwa kwa senta panchi, toboa kwa keekee ndogo kidogo kuliko mwili wa riveti, ishie kwenye kichwa tu usiingie kwenye bati, kisha vunja kichwa kwa panchi na usukume mwili utoke. Tundu likiwa limetanuka, panda saizi moja.

Urefu wa riveti mpya ni unene wa mabati yanayofungwa, jumlisha mara moja na nusu ya kipenyo. Kwa riveti ya milimita 4.8 na mabati mawili ya 1.6: 3.2 jumlisha 7.2, yaani kama milimita 10.5. Chovya mwili wake kwenye gundi ya poliyurethani ya tyubu, aina ya Sikaflex, kisha piga. Mkia ukikamilika uwe na upana wa kama milimita 7.2 na kimo cha 2.4. Ukipinda, toa, weka nyingine. Usijaribu kuunyoosha.

Pasipofikika kwa nyuma, tumia riveti ya kuvuta iliyozibwa mwisho. Silikoni ya dirisha inayonuka siki iweke mbali kabisa: hutoa asidi inapokauka, na rangi haitashika hapo tena.

Nyufa na matundu

Ufa husimamishwa kwanza. Toboa tundu la milimita 3 kwenye kila ncha ya ufa, ukihakikisha umefika mwisho wake wa kweli. Paka wino, futa, na wino utabaki ndani ya ufa kukuonyesha. Kiraka kiwe bati la alumini aina ya 5052, unene sawa na wa boti, kona zake ziviringwe, kivuke ufa angalau milimita 25 kila upande. Riveti zikae milimita 10 kutoka ukingoni na zipishane kama milimita 20, juu ya kitanda cha gundi ya poliyurethani. Usikate kiraka kutoka kwenye sufuria au bati la paa. Sufuria nyingi za kienyeji ni alumini ya vyuma chakavu vilivyoyeyushwa pamoja, na haijulikani ndani mna nini.

Kuchomelea kunawezekana, lakini kwa mashine ya TIG ya mkondo wa AC au MIG yenye gesi ya argoni tupu na waya wa alumini aina ya 5356. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 bila kubadilika rangi, wakati ngozi yake ya oksidi inahitaji zaidi ya 2,000. Ndiyo maana fundi wa mageti mwenye mashine ya kawaida hutoboa tundu kubwa kuliko alilokuja kuziba. Fundi yeyote mpe kwanza kipande cha bati la unene uleule achomelee. Kikipinda au kikatoka na vipovu, shukuru, ondoka. Karibu na riveti usichomelee kabisa, joto huzilegeza zote za jirani.

Vishimo vidogo hutibiwa kwa epoksi, gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili. Siri iko kwenye oksidi, ambayo hurudi sekunde chache tu baada ya kusugua. Paka epoksi kwanza, kisha isugue kwenye bati kwa msasa namba 80 ikiwa bado mbichi, ili ishike bati lenyewe. Mwezi Juni na Julai Arusha ni baridi, na epoksi hukauka polepole mno usiku. Anza saa nne asubuhi, boti ikiwa imepata jua.

Ubao wa tezi

Toa kifuniko cha alumini, toa ubao wa zamani mzima hata kama umeoza, kwa sababu ndio kiolezo chako. Unene wa kawaida ni milimita 36 hadi 38: mbao mbili za plaiwudi ya milimita 18 pamoja na gundi, zilizobanwa kwa klampu usiku kucha. Plaiwudi ijaribiwe. Chemsha kipande cha sentimita 10 kwa saa mbili, kikaushe, chemsha tena. Kikifunguka matabaka, rudisha dukani.

Usitumie mbao za kijani zilizopigwa dawa, hata ukiambiwa haziozi. Nyingi zina shaba kwenye dawa yake, na shaba iliyoloa ikigusana na alumini huitoboa. Boti nyingi hutobolewa na mbao nzuri ya namna hii.

Paka epoksi tabaka tatu, ukingo wa plaiwudi upate mara mbili ya uso. Matundu ya bolti yatoboe makubwa: kwa bolti ya milimita 12 toboa 16, jaza epoksi, ikikauka toboa 12 katikati. Maji hayataufikia ubao hata gundi ya nje ikichoka. Bolti ziwe za steinlesi zenye washa za plastiki kati yake na bati. Bomba la kizibo liwe la plastiki au alumini, si la shaba nyeupe wala nyekundu.

Hakikisha kimo cha tezi kinalingana na injini: mguu mfupi ni sentimita 38, mrefu ni 51.

Uelezi, rangi na umeme

Sponji ndiyo huifanya boti ielee hata ikijaa maji. Ya zamani ikiwa nzito, imeshiba maji. Itupe. Lita moja ya hewa au foamu iliyofungwa hubeba karibu kilo moja. Boti ya kilo 90 ikizama hupoteza zaidi kidogo ya theluthi ya uzito wake, hivyo inahitaji kama lita 57. Ongeza injini ndogo, vifaa na akiba, panga lita 150. Foamu nyeupe ya vifungashio huyeyuka ikimwagikiwa petroli. Chupa za plastiki za maji zilizofungwa barabara na kushindiliwa chini ya vikalio ni suluhisho halali, rahisi kukagua, halinyonyi maji. Zigawe pande zote mbili, nyingi zikae juu na nyuma, la sivyo boti iliyojaa maji itapinduka.

Chini ya mstari wa maji, boti inayotolewa majini kila siku haihitaji rangi. Ukitaka kupaka, tumia praima ya epoksi au ya kung'ata alumini siku ileile uliyosugua, kisha rangi ya magari ya sehemu mbili. Reddi oksaidi ni ya chuma, na rangi ya kuzuia konokono yenye shaba ni sumu kwa bati hili.

Betri iwe na nyaya mbili hadi kwenye kila taa. Usitumie mwili wa boti kama waya wa kurudisha.

Majini

Funga injini ili bapa lililo juu ya propela liwe usawa wa sehemu ya chini ya mkuku au sentimita mbili chini yake. Kumbuka injini hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Inayofika mizunguko yake kamili Tanga, Duluti inaweza kuhitaji propela yenye pichi ndogo zaidi, yaani inayosogeza boti kidogo zaidi kwa kila mzunguko.

Kabla ya safari, waulize TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) kuhusu ukaguzi na usajili, na halmashauri husika kuhusu leseni kama ni ya uvuvi. Duluti ni hifadhi ya msitu, kibali kinatangulia. Kila abiria avae jaketi la kuokolea, makasia mawili yawemo.

Siku ya kwanza kaa mita chache kutoka ufukweni, nusu saa bila kuwasha injini, sakafu ikiwa wazi, ukague kila duara ulilochora. Halafu nusu saa kwa mwendo wa polepole, ukague tena, kwa sababu riveti iliyotulia boti ikisimama huweza kuvuja bati linapocheza. Ukirudi, kaza bolti za tezi upya, fungua kizibo, na uigeuze boti kifudifudi juu ya mbao kavu, mbali na saruji mbichi na majivu.